Siku Moja Katika Mji wa Sevilla

Msomaji, ukijaliwa siku moja kufika kusini mwa Hispania, utaukuta mji wa Sevilla umekaa kando ya mto mpana uitwao Guadalquivir. Jina hilo lisikutishe. Ni maneno ya Kiarabu yaliyokunjwa na ndimi za wenyeji: al-wadi al-kabir, yaani mto mkubwa. Kiarabu kiliacha maneno mengi katika nchi hiyo, kama kilivyoacha katika lugha yetu. Mhispania akitaka sukari husema azúcar. Akitaka zafarani husema azafrán. Na mkuu wa mji wake humwita alcalde, neno lililotoka katika asili ile ile lilikotoka neno letu kadhi. Hata ile miti iliyopandwa kando ya njia zake ni midanzi, na danzi lake ni kali kama lile tulijualo sisi.

Watalii wengi huutazama mji huu kwa siku moja tu, wakiwa wameketi juu ya basi la ghorofa mbili lisilo na paa, huku sauti ikiwaeleza masikioni kila wanachopita, kila mtu kwa lugha aitakayo. Sisemi kuwa ni njia mbaya. Katika miezi ya kiangazi joto la Sevilla huweza kupita digrii 40, na hapo hata kijana mwenye miguu mizuri hushukuru kupata kiti. Walakini basi huonyesha yale tu yaonekanayo kutoka barabara pana. Basi nakushauri upande, usikilize, kisha ushuke.

Safari huanzia karibu na Mnara wa Dhahabu, ukingoni mwa mto. Mnara huo wenye pande 12 ulijengwa mwaka 1220 na 1221 na watawala wa Kiislamu wa ukoo wa Almohad, ambao milki yao ilianzia Moroko. Kazi yake ilikuwa kuulinda mto. Mwaka 1247 Mfalme Fernando III wa Castilla aliuzingira mji, na mwaka uliofuata merikebu zake zikalivunja daraja la mashua lililouunganisha mji na kitongoji cha Triana, ng'ambo ya pili. Chakula kikakatika. Mwezi wa Novemba 1248 mji ukasalimu amri, na sharti lilikuwa kali: Waislamu watoke. Wakapewa muda mfupi wa kukusanya mali zao, wakashika njia kwenda Granada na Afrika ya Kaskazini. Hebu fikiri, mji mzima unafunga mizigo, na mtu anaifunga nyumba ambayo hataifungua tena!

Nalo ndilo jambo nitakalo ulitazame siku nzima. Washindi wa Sevilla waliyatunza majengo, hawakuwatunza watu.

Kutoka mto huo huo Magellan aling'oa nanga mwezi wa Agosti 1519 akiwa na merikebu tano. Yeye mwenyewe aliuawa njiani, huko visiwa vya Filipino, na mwezi wa Septemba 1522 ikarudi merikebu moja, Victoria, ikiwa na watu 18, nayo ilikuwa ya kwanza kuizunguka dunia. Jina la nahodha huyo si geni kabisa kwetu. Miaka 14 kabla ya safari hiyo alikuwa katika kundi la merikebu za Mreno Francisco de Almeida, lile lililoiteka Kilwa na kuiteketeza Mombasa mwaka 1505.

Basi likivuka mto utaonyeshwa kisiwa cha Cartuja, palipofanywa maonyesho ya dunia mwaka 1992. Nami sina la kuongeza. Uwanja wa Hispania wapendeza zaidi. Ni jengo kubwa lililopinda kama nusu ya duara, lililopambwa kwa vigae vya rangi, likajengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1929. Wageni hupiga picha nyingi mno hapo. Piga yako, kisha urudi mjini.

Sasa shuka. Tangulia kwenye ule mnara uitwao Giralda, wenye kimo cha mita 104 hivi. Ulianza kujengwa mwaka 1184, ukamalizika mwaka 1198, nao ulikuwa mnara wa msikiti mkuu. Ndani yake hamna ngazi. Mna miinuko 35 ya mlalo, na husemwa kuwa ilifanywa hivyo ili mwadhini apande kwa farasi. Katika karne ya 16 Wakristo waliuongezea kilele cha kengele. Msikiti wenyewe waliutumia kama kanisa kwa miaka 150 na zaidi, kisha wakaubomoa na kujenga kanisa kuu tangu mwaka 1401 hadi 1506. Katika msikiti ule ilibaki sehemu ya ua, na leo umejaa midanzi.

Ng'ambo ya njia liko jumba la kifalme, Alcázar. Hapa pana ajabu. Jumba zuri kuliko yote humo lilijengwa miaka ya 1360 kwa amri ya Pedro I, mfalme Mkristo, lakini mafundi wake wengi walikuwa Waislamu. Inua macho utazame ukuta wa mbele: kwa herufi za Kiarabu za rangi ya samawati imeandikwa kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mshindi aliishi chini ya maneno hayo!

Vichochoro vya Santa Cruz vilivyo nyuma ya jumba vina maua na ubaridi, na basi haliwezi kupenya humo. Hapo palikuwa mtaa wa Wayahudi. Mwezi wa Juni 1391 umati uliuvamia ukaua watu wengi, na masinagogi yakageuzwa makanisa.

Karibu na kanisa kuu utaona jengo la mawe lililo na nyaraka za makoloni ya Hispania, zenye kurasa zipatazo milioni 80. Lilijengwa kwa ajili ya wafanyabiashara katika enzi ya Felipe II, na tangu mwaka 1785 ndilo ghala la nyaraka hizo. Felipe huyo alikuwa pia mfalme wa Ureno tangu mwaka 1580. Kwa hiyo mafundi walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, bwana wao mkuu alikuwa yeye huyo.

Zitazame pia ngazi zinazolizunguka kanisa kuu. Wafanyabiashara walikutana hapo, na miongoni mwa bidhaa zilizonadiwa walikuwamo watu. Hesabu ya mwaka 1565 ilionyesha watumwa 6,327 katika Sevilla, na wengi wao walikuwa Waafrika. Walibeba mizigo bandarini, walipika, walilea watoto wa wengine. Velázquez, mchoraji mashuhuri aliyezaliwa mji huu mwaka 1599, alipokuwa kijana alimchora mmoja wa watu hao, msichana mweusi ameinama juu ya meza ya jikoni. Jina la msichana halikuandikwa.

Ukiwa na nguvu bado, tembea kuelekea mashariki, nje kidogo ya mahali ulipopita ukuta wa kale. Hapo pana kanisa dogo la chama cha kidini ambacho Askofu Mkuu Gonzalo de Mena alikianzisha mwishoni mwa karne ya 14 kwa ajili ya watu weusi wa Sevilla, pamoja na nyumba ya kuwatunzia wagonjwa wao. Kwa karne nyingi wanachama wake walikuwa weusi, watumwa na walio huru. Chama kingalipo. Leo wanachama wake ni Wahispania weupe karibu wote, lakini jina halikubadilishwa. Mji mzima hukiita Los Negritos, yaani weusi wadogo. Kila Alhamisi Kuu, kabla ya Pasaka, hutoka na sanamu zake zikichukuliwa na watu, na maandamano huenda polepole mpaka yafike kwenye kanisa kuu, penye ngazi zile.