Waliohudumu: historia ya vilabu na baa za Tarime na Serengeti

Ukiketi katika baa ya Tarime mjini, mhudumu anakuja na swali moja kabla ya mengine yote: ya moto au ya baridi? Ukishajibu, bia haifunguliwi kaunta. Inaletwa mezani na kizibo chake, unaishika kuona kama ubaridi ni ule ulioutaka, ndipo inafunguliwa mbele yako. Mhudumu akileta chupa iliyokwisha kufunguliwa atarudishwa nayo, hata kama ni mgeni kazini na hakukusudia ubaya wowote. Kinywaji cha mtu hufunguliwa machoni pake. Wateja wa Mugumu, Sirari na Nyamongo wanashika kanuni hiyo hiyo, na wengi wao hawajawahi kujiuliza imetoka wapi.

Mimi naamini imetoka kwenye chungu. Kabla ya kaunta, kabla ya kreti na jokofu, Wakurya, wenyeji wa Tarime, walikuwa na amarwa, pombe ya nafaka ambayo nguvu yake ni ulezi. Ulezi ulilowekwa, ukaachwa uote, ukaanikwa juani na kusagwa kuwa kimea. Unga mwingine, wa mtama na baadaye wa mahindi, ulichachushwa pembeni, ukakaangwa, kisha ukakutanishwa na kimea hicho pamoja na maji. Kazi yote hiyo ya siku kadhaa ilikuwa ya mwanamke. Yeye ndiye aliyejua kimea kimekomaa au bado, kuni zitatosha au hazitoshi, pombe iko tayari leo au ingoje kesho. Wazee walipokwisha kuketi kukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kwenye ncha, mama mwenye pombe au mwenye nyumba alionja kwanza. Ni desturi iliyoenea katika nchi nyingi zinazozunguka Ziwa Victoria: anayekupa kinywaji anakunywa kabla yako, ili ujue hakuna kilichotiwa ndani. Chupa ilipoingia, haikuwezekana tena mhudumu aonje. Kilichobaki ni kizibo, nacho kikapewa kazi ile ile.

Nimeanza na jambo hili dogo kwa sababu historia ya baa zetu huandikwa kama historia ya viwanda: nani alianzisha kampuni, nani aliinunua, lini bia fulani ilitoka. Ukiifuata njia hiyo peke yake, unampoteza mtu aliyeijenga nyumba ya kinywaji katika Mkoa wa Mara, yaani mwanamke aliyepika na kuhudumu. Alikuwapo kabla ya kiwanda chochote.

Kuhudumia chungu haikuwa kazi ya kubeba maji ya moto ya kuongezea pombe tu. Wakurya wana makundi manane ya vizazi, yaliyogawanyika katika mizunguko miwili, Wasai na Wachuma, na mtoto huzaliwa ndani ya kundi linalofuata lile la baba yake. Vizazi vinavyofuatana vinaheshimiana kwa umbali, kama baba na mwana. Vinavyorukana vinataniana, kama babu na mjukuu. Kwa hiyo swali la nani aketi wapi, nani atangulie kunyonya mrija na nani asogee pembeni halikuwa la starehe. Mwenye pombe alipaswa kuujua ukoo wa kila aliyepita mlangoni. Mtu na mkwewe walikuwa na mipaka yao, na kumketisha mtu mahali pasipo pake kulikuwa kuivunja shughuli yenyewe. Upande wa Serengeti, kwa Waikoma, Wanata na Wangoreme, pombe na chakula viliambatana na sherehe za nyangi, zile zinazompandisha mtu kutoka hatua moja ya maisha na ya uzee hadi nyingine. Asiye na pombe ya kuwakaribisha wenzake hakupanda. Huko nako, aliyesimama nyuma ya cheo cha mzee ni mke wake na vyungu vyake.

Serikali ya Waingereza ilipoutawala mkoa huu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliiona pombe kama jambo la leseni na ushuru. Sheria ya Pombe za Wenyeji ya 1923 iliweka masharti ya kupika na kuuza, na hapo neno kilabu likapata maana ambayo bado tunaitumia: mahali palipotengwa, penye kibali, ambapo pombe ya kienyeji inauzwa kwa fedha. Pombe iliyokuwa inamlipa jirani aliyesaidia kulima, au kumheshimu mkwe, ikawa na bei. Wapo waliolalamika kwamba heshima imeuzwa. Mimi naona upande mwingine pia: mwanamke aliyekuwa anapika kwa ajili ya sifa za mumewe sasa aliweza kupika kwa ajili ya mfuko wake. Fedha ya kilabu ni miongoni mwa fedha za kwanza ambazo wanawake wengi wa vijijini walizishika wenyewe. Ilinunua chumvi, kanga, baadaye madaftari ya shule.

Bia ya chupa ilikuwa jirani muda mrefu kabla ya kuwa ya wote. Kenya Breweries ilianza kazi Nairobi mwaka 1922, na kiwanda cha Dar es Salaam kikafuata mwaka 1933. Lakini bia hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mkulima wa Tarime. Sheria za kikoloni zilimzuia Mwafrika wa kawaida, na kizuizi kililegezwa baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati vijana wengi wa Kikurya waliokuwa askari wa King's African Rifles walikuwa wamerudi nyumbani. Hao walikuwa wameona kantini za jeshi: meza, bilauri, mtu anayeuliza unataka nini. Walirudi na mshahara na tabia ya kuketi kwenye kiti chao peke yao na chupa yao peke yao. Chungu ni cha wengi, chupa ni ya mmoja. Hapo ndipo ilipozaliwa haja ya ofa, kwa sababu anayekunywa peke yake mbele ya wenzake anaonekana mchoyo, na njia ya kuondoa uchoyo huo ni kumwagizia jirani yako chupa moja.

Baada ya Uhuru, baa ziliongezeka katika miji midogo. Sheria ya Vileo ya 1968 ilipanga leseni na saa za kufungua na kufunga, na kilabu kikabaki upande wake na baa upande wake: kilabu cha mabenchi, cha mchana na cha litungu lenye nyuzi nane; baa ya viti, ya jioni na ya redio. Azimio la Arusha la 1967 liliiweka biashara ya bia mikononi mwa umma, na miaka ya mwanzo ya 1980 ikaja na uhaba ambao waliouona hawausahau. Bia ilikuwa bidhaa adimu kama sabuni na sukari. Mteja alikwenda baa na chupa tupu mkononi, maana bila chupa hakuna bia. Tarime ilikuwa na kitu ambacho Dodoma haikuwa nacho, nacho ni mpaka wa Sirari. Bidhaa za Kenya zilivuka kwa njia za panya, nao mwaka 1983 ukaleta msako mkali wa wahujumu uchumi. Siku hizo huduma nzuri ilikuwa kufahamiana na mwenye kaunta. Kilabu hakikutikiswa na uhaba huo kama baa ilivyotikiswa, kwa sababu ulezi ulitoka shambani kwa mama mwenyewe.

Chakula kina habari yake, na hapa ndipo mteja wa Mara anapokuwa mkali kuliko kwenye kinywaji. Nyama ya baa haiagizwi ukiwa umeketi. Unainuka, unakwenda dirishani kwa mchomaji ambako mbavu na mapaja yametundikwa, unaonyesha kwa kidole pande unalolitaka, linapimwa ukiona mshale wa mizani, linapewa alama ili lisichanganywe na la mwingine, kisha unarudi mezani kungoja. Kungoja huko kunaweza kuchukua bia mbili. Mhudumu anakuja na jagi la maji ya uvuguvugu, beseni na sabuni, anamimina, unanawa, naye anahamia kwa jirani yako, akianza na mkubwa. Nyama inafika kwenye ubao au sinia, inakatwa hapo hapo, chumvi pembeni, pilipili pembeni, ugali katikati, mara nyingi wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi, mzito na wa rangi ya udongo.

Na kuna bakuli la kichuri. Kwa asiyekijua, kichuri ni mchuzi wa kijani na mchungu unaotokana na matumbo ya mnyama aliyechinjwa, majani aliyoyala yakiwa hayajamaliza kusagwa. Huchujwa vizuri, huchemshwa, hukolezwa chumvi na pilipili. Pande la nyama ya moto linachovywa humo na uchungu unaipa mafuta ya mbavu ladha ambayo ndimu haiwezi kuitoa. Mgeni hukunja uso mara ya kwanza. Mwenyeji akikosa kichuri atauliza mara mbili, na baa inayokosa kichuri jioni ya mnada itasemwa vibaya hadi mnada mwingine. Upishi huu umesafiri pia: ukiona Mwanza au Dar es Salaam tangazo la nyama choma ya Kikurya, kichuri hakiko mbali.

Mambo mawili yamebadilisha wateja wa wilaya hizi katika kizazi hiki. Mgodi wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002 uliijaza Nyamongo watu wenye fedha ya ghafla na haraka ya kuitumia. Mugumu, mji ulio jirani na Hifadhi ya Serengeti, ukazoea madereva wa watalii na watumishi wa hifadhi, watu wanaotaka supu alfajiri na bili iliyoandikwa. Bia yenye jina la Serengeti, iliyotoka mwaka 1996, haikutengenezwa Serengeti, lakini imekuwa ikinywewa hapa kwa fahari kama ya nyumbani. Viroba vya pombe kali vilipopigwa marufuku Machi 2017, wengi waliokuwa wakivinywa vichochoroni walirudi kilabuni, na huko wakawakuta akina mama wale wale na vyungu vyao.

Binti anayehudumu baa za leo mara nyingi ametoka mkoa mwingine. Hajui Msai wala Mchuma, lakini ndani ya wiki chache amekwisha kujua mzee yupi asiketishwe na yupi, nani anaitwa mzee na nani anaridhika kuitwa mura, yaani kijana, nani anaomba ya moto hata siku ya jua kali. Mshahara wake ni mdogo. Katika baa nyingi, mteja akitoroka na bili, anayelipa ni yeye. Chupa ikivunjika, anayelipa ni yeye. Mama wa amarwa alikuwa mwenye mali: asiyelipa alikuwa anadaiwa naye, na wazee waliokizunguka chungu walikuwa mashahidi. Binti wa kaunta anabeba hasara ya mali isiyo yake, usiku, bila shahidi, na asubuhi anarudi kufagia vizibo.