Vielekezi na Namba Zisizo na Alama: Historia Fupi

Katika insha hii nitaeleza jinsi suala la kulinganisha vielekezi lilivyoanza katika lugha ya C. Nilianza kulifuatilia baada ya zoezi langu la programu kuharibika chuoni kwetu Kampala. Nilikuwa nimezigeuza anwani mbili za kumbukumbu kuwa namba za kawaida ili nijue ipi iko mbele. Kompyuta yetu kuukuu ya biti 32 ikanijibu kwamba ile ya juu ni ndogo kuliko ya chini. Nilikesha usiku kucha nikitafuta kosa.

Chanzo ni biti moja. Dennis Ritchie aliiunda C katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa mashine ya PDP-11 yenye biti 16. Biti hizo zikisomwa kwa alama, hutoa namba kuanzia -32,768 hadi 32,767; zikisomwa bila alama, huanzia 0 hadi 65,535. Kwa hiyo anwani 40,000 ikisomwa kwa alama hugeuka -25,536. Anwani ni kama namba ya nyumba mtaani, na hakuna nyumba yenye namba hasi. Ndiyo maana vielekezi vililinganishwa bila alama.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba C ya mwanzo haikuwa na aina ya namba zisizo na alama. Waliozihitaji walitumia vielekezi! Katika toleo la 6 la Unix, la mwaka 1975, ukubwa wa nafasi tupu ya kumbukumbu umetangazwa kuwa kielekezi cha herufi, ingawa ukubwa hauelekezi popote. Kitabu cha Kernighan na Ritchie cha mwaka 1978 tayari kina aina hiyo mpya.

Kiwango rasmi cha mwaka 1989 kiliweka mpaka mwingine: kuuliza kielekezi kipi kiko mbele kuna maana pale tu vyote viwili vimo ndani ya safu moja au kitu kimoja. Hapo nikatambua kwamba nilikosea mara mbili. Nilizisoma anwani kwa alama, tena nililinganisha sehemu zisizohusiana.

Kwa kumalizia, wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kanuni niliyoidharau ilitokana na mahitaji ya watu waliokuwa na biti 16 tu.