Jibba la Viraka Katika Dola ya Mahdi

Kiraka aghalabu ni alama ya ukata. Mwenye nguo mpya hana haja nacho, na mwenye nguo kuukuu hukishona kwa haya, akitafuta kitambaa kilicho karibu na rangi ya kwanza ili macho ya watu yasikione. Katika Sudani ya mwisho wa karne ya 19 desturi hiyo iligeuzwa juu chini. Kiraka kilishonwa mahali pa wazi, kifuani na mapajani, kwa rangi isiyopatana kabisa na nguo, na aliyekivaa hakujificha.

Muhammad Ahmad bin Abdallah, mwana wa muunda mashua, alizaliwa Dongola mwaka 1844. Alikulia katika tarika ya Samaniya, kisha akakaa katika kisiwa cha Aba, juu ya Nili Nyeupe, na huko mwaka 1881 akatangaza kwamba yeye ndiye Mahdi. Serikali ya Misri iliyotawala Sudani wakati ule ilijulikana kwa kodi zake na kwa tarbushi nyekundu za maofisa wake. Vazi la wafuasi wa Mahdi lilikuwa jawabu la vazi hilo. Walivaa jibba la pamba lililofika magotini, lenye viraka, mfano wa vazi la kale la masufi ambalo Waarabu waliliita murakkaa. Tajiri na maskini walitakiwa kulivaa sawasawa, na vito na mapambo yakakatazwa. Hata jina la darwishi Mahdi hakulipenda. Aliagiza wafuasi wake waitwe Ansari, kama wale wa Madina waliompokea Mtume.

Wasemao Kiswahili wanalo neno sufi kwa maana mbili: mcha Mungu aliyeipa dunia kisogo, na ile pamba nyepesi ya mti wa msufi inayotiwa ndani ya mito na magodoro. Wataalamu wengi huona kwamba jina la mcha Mungu latoka katika suf ya Kiarabu, yaani manyoya ya kondoo waliyovaa watawa wa zamani, na yaelekea ile ya mtini nayo ni ya ukoo huo huo. Katika jeshi la Mahdi masufi hao wawili walikutana mwilini mwa mtu mmoja. Maana palikuwapo vazi la pili la vitambaa juu ya vitambaa, ambalo halikutoka kwa watawa bali kwa wapanda farasi.

Vazi hilo la pili ni la zamani katika nchi za ukanda wa Sudani, kutoka Bornu hata Darfur. Mwingereza Denham, aliyefika Bornu mwaka 1823, alileta kwao picha ya mpiga mkuki wa Baghirmi, yeye na farasi wake wamefunikwa nguo nene iliyodariziwa. Ushonaji wake ni wa akili. Nguo mbili hukatwa kwa kipimo kimoja, katikati ikatandazwa sufi au pamba, kisha uzi mnene ukapitishwa mstari baada ya mstari. Bila mistari hiyo sufi yote ingeteremka chini kwa mwendo wa farasi, na kifua kikabaki kitupu. Juu yake hushonwa vipande vya rangi, vyekundu, vya buluu na vyeupe. Mshale hukwama humo, na upanga huteleza. Joto lake jua la adhuhuri lilijua.

Jibba la kawaida lilikuwa jepesi kuliko hilo. Kiini chake kilikuwa damuri, pamba iliyofumwa kwa mkono nchini. Mwanzo viraka viliziba matundu kweli. Baadaye viliwekwa juu ya nguo mpya isiyo na tundu lolote, vikapangwa mraba kwa mraba, kulia sawa na kushoto, mbele sawa na nyuma, na ukanda wa rangi ukazunguka pindo. Majibba ya makamanda yalitiwa vitambaa vya sufu vilivyotoka ng'ambo, na mfuko wa kifuani ukadariziwa kwa ustadi mkubwa. Hivyo nguo iliyokusudiwa kuwasawazisha watu ikawa ndiyo ya kuwapambanua. Aliyetaka kumjua mkubwa katika safu hakutafuta mwenye nguo nzima. Alitafuta mwenye viraka vizuri zaidi. Rudolf Slatin, Mwaustria aliyekuwa gavana wa Darfur na kujisalimisha Desemba 1883, aeleza katika kitabu chake cha 1896 kwamba Mahdi mwenyewe alivaa jibba fupi lililodariziwa, safi, lenye kunukia sandali, miski na waridi. Umaskini ulikuwa katika mshono, si katika harufu.

Si haki, hata hivyo, kulicheka vazi hili. Watu waliolivaa waliliangamiza jeshi la Hicks huko Shaikan mnamo Novemba 1883, wakaingia Khartoum tarehe 26 Januari 1885. Mahdi alikufa Juni mwaka huo huo, na Khalifa Abdullahi akatawala Omdurman. Mwaka 1888 jeshi lake lilifika Rejaf, katika jimbo la Emin Pasha. Askari wa Kisudani wa Emin baadaye waliandikwa katika majeshi ya Waingereza, na ndio mababu wa Wanubi wengi wa Bombo na Kibera.

Tarehe 2 Septemba 1898, katika uwanda wa Karari, mizinga na bunduki za Maxim za Kitchener ziliwapiga wenye majibba kabla hawajafika karibu. Walikufa kiasi cha 11,000. Wa upande wa pili waliouawa hawakufika 50. Sufi iliyozuia mshale haikuzuia risasi, wala damuri. Askari washindi waliwavua maiti majibba wakayachukua kuwa kumbukumbu, na ndiyo sababu mengi yamehifadhiwa katika makumbusho za Uingereza, mengine yana matundu mapya ambayo hayakupata mtu wa kuyatia kiraka.

Ansari hawakwisha. Vazi lao la baadaye ni jeupe, halina viraka. Lakini limeshonwa bila mbele wala nyuma, lina mfuko kifuani na mfuko mwingine mgongoni, ili mtu akiamshwa gizani alivae upande wowote na kutoka.