Mwenendo wa Mtaalamu na Imani ya Mvuvi: Hoja kutoka Pwani ya Tanga

Katika somo la mantiki tunafundishwa kwamba ukweli wa kauli hautegemei tabia ya msemaji. Bwana samaki anayepika samaki wa baruti nyumbani kwake hafuti ukweli kwamba baruti huvunja matumbawe na kuua samaki wachanga pamoja na wakubwa. Wataalamu wengi wa mazingira hujikinga kwa hoja hiyo, nao humwona anayechunguza maisha yao kuwa amekwepa mada. Ninadai kwamba katika pwani ya Tanga mtu huyo hajakwepa mada hata kidogo.

Mvuvi wa Kigombe au Moa hana chombo cha kupimia wingi wa samaki, wala hazisomi ripoti zinazoandikwa kwa Kiingereza. Anaambiwa auache mwamba aliouvua babu yake na apoteze riziki ya leo kwa ajili ya faida ya baadaye asiyoweza kuihakiki. Anachoweza kukihakiki ni mtu anayemwambia. Na jicho lake ni la kitaalamu pia: samaki wa baruti hujulikana kwa nyama iliyolegea, mifupa ya mgongo iliyovunjika na damu iliyovilia tumboni. Ofisa akimnunua samaki wa namna hiyo, mvuvi hubaki na tafsiri mbili. Ama ofisa haamini anachokihubiri, ama anakiamini lakini mzigo wa kukitekeleza amewaachia wengine. Tafsiri ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hakuna takwimu inayoweza kuiondoa. Pwani hii imezoea kusikia katika hotuba za Ijumaa lawama ya Sura ya Saff juu ya wanaosema wasiyoyatenda, hivyo kipimo hicho hakikuletwa na mradi wowote.

Watafiti wa Marekani Shahzeen Attari, David Krantz na Elke Weber walichapisha mwaka 2016 matokeo yanayokaribiana na hayo: watu walioambiwa kwamba mtafiti wa tabianchi anatumia nishati nyingi mno katika maisha yake walimwamini kidogo, na nia yao wenyewe ya kubana matumizi ikapungua. Kazi yao ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba mtaalamu aliyejirekebisha hurudishiwa imani. Matokeo hayo ya baadaye ndiyo yenye uzito kwetu, maana yanaonyesha kwamba watu hawadai utakatifu. Lakini safari za ndege na umeme wa nyumbani, walivyovipima wao, havionekani kijijini. Huku kinachoonekana ni gunia la mkaa. Gari la serikali likisimama kando ya barabara ya Chalinze hadi Segera kupakia magunia, wanaolitazama ni watu walewale waliokatazwa kuchoma.

Taasisi nazo zina mwenendo, na kumbukumbu yake hudumu kuliko ya mtu mmoja. Msitu wa Amani, Usambara Mashariki, ulivunwa magogo kwa ajili ya kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga kwa msaada wa Finland. Baada ya lawama za wanasayansi na uchunguzi wa 1986 na 1987, uvunaji ulisimama, na Finland hiyohiyo ikageuka kuwa mfadhili wa uhifadhi. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997. Mageuzi yale yalikuwa sahihi. Hata hivyo, mkulima wa iliki aliyeambiwa asiguse msitu alikuwa na haki ya kuuliza magogo makubwa yalikwenda wapi, na swali lake lilistahili jibu la wazi kabla ya semina yoyote.

Kuna mpaka hapa, nao nauona muhimu. Ofisa mwenye mshahara akihamia kwenye jiko la gesi, mama muuza chapati wa Pangani hajifunzi mengi. Anaona tu kwamba ofisa ana uwezo. Mfano hushawishi pale ambapo gharama inaonekana na inalingana. Mwanamazingira wa Kenya Wangari Maathai alipofariki Septemba 2011, jeneza lake lilitengenezwa kwa magugumaji, mafunjo na mianzi ili mti usikatwe kwa ajili yake. Hilo halikuhitaji utajiri, na yeyote angeweza kuliiga.

Lakini imani isiyo na tegemeo jingine ila tabia njema ya mtaalamu ni imani dhaifu, hata akiwa mwadilifu, kwa sababu atahamishwa. Programu ya pwani ya Tanga iliyoanza mwaka 1994 kwa fedha za Ireland na ushauri wa shirika la uhifadhi la IUCN ilifanya jambo la busara kuliko mahubiri: wanakijiji walifundishwa kuzamia, kuhesabu samaki na kukagua matumbawe, kisha wakashiriki kuamua miamba ipi ifungwe. Mvuvi aliyehesabu mwenyewe hategemei tena kuchungulia jikoni kwa mtu.

Kwa upande wa mkaa, agizo la serikali la taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 2024 lilianzia mahali panapofaa, yaani kwenye majiko ya shule, magereza na kambi. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania. Kabla ya kuwafikia wachoma mkaa wa Handeni na Kilindi, halmashauri za mkoa huu zitangaze kwenye mbao za vijiji majiko yao yapi yameacha mkaa, yapi bado, na kwa nini. Wanakijiji nao wapewe nafasi ya kwenda kuyakagua.