Kunguni na Papasi: Historia ya Maneno Mawili ya Msafiri wa Miguu

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu asiyapime mambo ya mwenziwe kwa kuyatazama kutoka nje. Lakini ndani ya fumbo hilo mna jambo lililomhusu kila msafiri wa zamani. Aliyekwenda kwa miguu alilala kila usiku mahali asipopajua, juu ya kitanda au mkeka uliokwisha kulaliwa na wengi kabla yake. Madhumuni ya makala haya ni kueleza historia ya maneno mawili aliyoyahitaji msafiri huyo, yaani kunguni na papasi, na kuonyesha kwa nini wafasiri na walimu hawana budi kuyatenga.

Sababu ya kuandika ni jambo dogo lililotokea kazini. Miaka michache iliyopita ililetwa mezani pangu rasimu ya kijitabu cha afya iliyofasiriwa kutoka Kiingereza. Ukurasa mmoja ulieleza homa ya vipindi, na mfasiri alikuwa ameandika kwamba homa hiyo huletwa na kunguni. Sentensi ilikuwa fasaha na sarufi yake haikuwa na kasoro, ila haikuwa kweli. Tena uongo wake ulikuwa wa hatari, kama itakavyoonekana hapa chini.

Viumbe wawili, majina mawili

Kunguni ni mdudu wa miguu sita, bapa, wa rangi ya hudhurungi, mwenye urefu wa milimita 5 hivi. Hujificha katika matendegu na kamba za kitanda, mishono ya godoro, mikunjo ya mkeka na nyufa za ukuta. Usiku hutoka, akanyonya damu kwa dakika 5 hadi 10, kisha akarudi mafichoni. Wataalamu hutofautisha aina mbili zinazomsumbua binadamu: Cimex lectularius, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758, na Cimex hemipterus wa nchi za joto, aliyepewa jina na Fabricius mwaka 1803. Kiswahili huwaita wote kunguni, wala hapana hasara, kwa kuwa madhara yao ni mamoja na namna ya kuwaondoa ni moja. Kuumwa na kunguni huleta mwasho na hukosesha usingizi, lakini haijathibitishwa kwamba katika maisha ya kawaida humwambukiza binadamu ugonjwa wowote.

Papasi si kunguni mkubwa. Yeye ni wa jamii ya kupe, na akishakomaa huwa na miguu minane kama buibui. Ngozi yake ni ya mikunjo, na rangi yake hufanana na udongo anamoishi. Akiwa na njaa ni bapa. Akishiba huvimba akawa kama kunde. Makao yake si kitanda, bali vumbi la sakafu ya udongo, nyufa za chini ya ukuta na pembezoni mwa meko. Naye hutoka usiku na kurudi kabla ya mapambazuko, na huweza kuishi miaka kadhaa bila chakula. Jina lake la kitaalamu, Ornithodoros moubata, lilitolewa mwaka 1877. Huyu ndiye aenezaye homa ya vipindi, ambayo humshika mgonjwa kwa siku chache, ikamwachia hata akadhani amepona, kisha ikarudi tena na tena.

Hapa Kiswahili kinastahili sifa. Kiingereza, ambacho nyaraka zetu nyingi hufasiriwa kutoka kwacho, hutumia neno moja la jumla kwa kupe wa ng'ombe na kwa papasi wa nyumbani. Kiswahili kina maneno mawili, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inayaorodhesha, kila moja mahali pake. Elimu ya viumbe nayo imewagawa wanyama hao katika koo mbili: wenye gamba gumu mgongoni na wasio nalo. Wasemaji wa Kiswahili waliufikia mgawanyo huo kwa macho tu, wakiangalia kila kiumbe anakaa wapi na anamuuma nani. Neno kupe baadaye lilipanuka: katika miaka ya Ujamaa likawa jina la mtu anyonyaye jasho la wenziwe. Papasi hakupata cheo hicho. Alibaki katika sakafu yake, na huenda ndiyo sababu vijana wengi wa mjini hawalijui jina lake.

Katika njia ya misafara

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora hadi Ujiji, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Burton na Speke, waliotoka pwani mwezi Juni 1857, walifika Ujiji Februari 1858. Wapagazi walibeba mizigo ya ratili 60 au 70, wengine zaidi, na jioni walihitaji mahali pa kulala. Mara nyingi palikuwa ni kambini, katika vibanda vya nyasi na miti. Vibanda vilivyoachwa na msafara mmoja viliingiwa na msafara uliofuata, na kila msafara uliacha humo wadudu wake na kuondoka na wale uliowakuta. Penginepo wasafiri walipewa nafasi ndani ya tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa ijulikanayo sana katika Ugogo.

Makao hayo ya pamoja yaliwafaa wote wawili. Kunguni alisafiri katika mikunjo ya mikeka na mishono ya nguo. Papasi naye alibebwa ndani ya mizigo na matandiko, akashuka kambi ya mbele. Ndivyo alivyoenea kwa kuzifuata njia za misafara.

Madhara ya kunguni yalionekana asubuhi ile ile. Madhara ya papasi yalichelewa. Kwa kawaida homa huanza baada ya juma moja hivi, na msafara uliokwenda kilomita 15 kwa siku ulikuwa umekwisha kuiacha ile nyumba nyuma kwa zaidi ya kilomita 100. Mgonjwa alilaumu maji ya jana au jua la leo, wala hakukumbuka alipolala juma lililopita. Tena alipoangalia nyuma aliwaona wenyeji wa nyumba ile ni wazima. Wao walikuwa wameumwa na papasi tangu utotoni, na miili yao ilikuwa imejipatia kinga ambayo mgeni hakuwa nayo.

Elimu ya wenyeji na elimu ya darubini

Hata hivyo walikuwako waliojua. David Livingstone aliumwa mguuni na papasi mwaka 1854, alipokuwa mgeni katika nyumba moja huko Ambaca, Angola, na aliyaeleza madhara yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1857. Katika nchi mbalimbali za Afrika ya Kati na Mashariki watu waliunganisha homa hiyo na kiumbe huyo muda mrefu kabla ya madaktari kukubali.

Uthibitisho wa kitaalamu ulipatikana katika miaka miwili. Mwaka 1904 Ross na Milne, waliokuwa Uganda, walitangaza kwamba homa hiyo huenezwa na papasi. Wakati huo huo Joseph Dutton na John Todd, waliotumwa na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Liverpool, walikuwa wakisafiri Kongo. Walionyesha kwamba papasi akimuuma tumbili huweza kumwambukiza. Wote wawili waliugua homa waliyokuwa wakiichunguza. Dutton alifariki tarehe 27 Februari 1905 huko Kasongo, mji wa Manyema uliokuwa umekwisha kupokea Kiswahili kwa njia ya misafara. Kiini cha ugonjwa kilipewa jina lake mwaka 1906, nacho huitwa Borrelia duttonii.

Mwaka huo huo wa 1905 Robert Koch alikuwa katika nchi iliyoitwa Afrika ya Mashariki ya Wadachi. Aliwatafuta papasi katika vituo vya njia ya misafara, akawapata, akaona kwamba viini vya homa hupita kutoka kwa papasi jike hadi katika mayai yake. Maana yake ni kwamba kibanda kikishaingiwa hubaki na hatari hata kama hakuna mgonjwa aliyelala humo kwa muda mrefu. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa mfupi: wasilale katika vibanda vya zamani, bali wajitenge navyo.

Kitandani au chini?

Sasa tuirudie ile rasimu. Msafiri aliyeumwa na kunguni hukichukia kitanda. Hukitoa nje akakianika juani, huyamwagia matendegu maji ya moto, na usiku huo hutandika mkeka sakafuni. Kwa kunguni ushauri huo una maana, kwani joto kali huwaua. Lakini ikiwa nyumba ni ya udongo na ina papasi, mtu aliyekikimbia kitanda amejipeleka mwenyewe kwa adui aliye mbaya zaidi. Kinga dhidi ya papasi ni kinyume chake: kulala juu ya kitanda chenye matendegu, kukisogeza mbali na ukuta, kutoacha shuka au chandarua kiburuze chini, na kuziba nyufa za sakafu.

Kwa hiyo aliyeandika kunguni mahali pa papasi hakukosea jina tu. Alimshauri msomaji akitupe kitanda ambacho kingemwokoa. Makosa mengi ya istilahi hugharimu muda na kicheko; kosa hili huweza kugharimu mimba ya mama au uhai wa mtoto mchanga, kwa kuwa hao ndio wanaoumizwa zaidi na homa ya papasi.

Baada ya reli

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na safari ndefu za miguu zikaanza kufifia. Vita vya 1914 hadi 1918 vilizirudisha kwa nguvu. Wapagazi wengi sana walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, wakalazwa katika kambi kuukuu, na homa ya papasi ikawapata wao pamoja na askari. Kumbukumbu ya wapagazi hao imo katika jina la Kariakoo, Dar es Salaam, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Baadaye zilikuja dawa. Pareto, iliyolimwa kwa wingi katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ilitumiwa kuua kunguni na wadudu wengine. DDT, ambayo nguvu yake iligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939, ilidhaniwa kuwa imemaliza kazi. Lakini mwaka 1947 kunguni waliokwisha kuizoea walikutwa Hawaii. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20 kunguni wameongezeka tena katika miji ya Ulaya na Marekani, na mahujaji waendao kwa miguu Santiago de Compostela, Hispania, hufundishwa mambo ambayo mpagazi wa Tabora angeyaelewa mara moja: kagua mishono ya godoro, usiweke mzigo juu ya kitanda, na ufikapo kwako fua nguo kwa maji ya moto ya nyuzi 60.

Papasi amepungua kwa sababu nyingine, nayo ni saruji. Sakafu isiyo na vumbi wala nyufa haimpi makao. Lakini hajatoweka. Uchunguzi uliofanywa mkoani Dodoma mwishoni mwa karne ya 20 na mwanzoni mwa karne hii uliwakuta papasi katika nyumba za udongo, pamoja na wagonjwa wa homa yake. Neno hili basi si la kuhifadhiwa katika makumbusho.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, yafuatayo yanapendekezwa kwa wafasiri, walimu na waandishi wa nyaraka za serikali.

Kwanza, neno kunguni litumike kwa mdudu wa kitandani peke yake. Papasi litumike kwa yule wa sakafu ya udongo. Na kupe libaki kwa wale wa gamba gumu wanaong'ang'ania ng'ombe, mbwa na wanyama wengine.

Pili, homa ya vipindi iwe istilahi ya jumla. Chini yake ziwe mbili: homa ya papasi, na homa ya vipindi ya chawa, ambayo ni ugonjwa mwingine wenye kiini kingine. Hii ya pili nayo ni ya wasafiri waliosongamana: mwaka 2015 ilikutwa Ulaya kwa wakimbizi waliotoka Pembe ya Afrika.

Tatu, neno wadudu lisitumiwe peke yake panapotolewa ushauri wa kinga. Msomaji anayeambiwa ajihadhari na wadudu hajaambiwa neno.

Nne, mwalimu awafundishe wanafunzi kuhesabu miguu: sita kwa kunguni aliyekomaa, minane kwa papasi.

Ile rasimu ilirudishwa kwa mfasiri ikiwa imesahihishwa neno moja. Aliuliza kwa mshangao kama kweli papasi ni Kiswahili sanifu, kwa kuwa alilisikia kwa bibi yake tu. Jibu ni kwamba limo katika kamusi, na bibi yake alilijua kwa haki. Katika Kongo na sehemu za kusini limetumika pia jina kimputu, na bila shaka yako mengine katika lugha zetu. Wasomaji wanaoyafahamu wanaombwa kuyaleta, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika na kiumbe anayekusudiwa, akiwa amehesabiwa miguu.