Hasarmawethi: Nchi Iliyofanywa Mwana

Katika sura ya 10 ya Mwanzo, Yoktani anahesabiwa wana 13, na wa tatu ni Hasarmawethi. Anatajwa tena mwanzoni mwa 1 Mambo ya Nyakati, kisha basi: hana kisa, hana mke, hana kaburi. Wafasiri wa majina humwita “ua wa mauti”. Kwa Kiebrania wamefasiri sawasawa, lakini Kiebrania hakikulizaa jina hili. Kililipokea kutoka kusini mwa Arabuni, kwenye ufalme wa Hadhramauti, ambao mji wake mkuu ulikuwa Shabwa na utajiri wake ubani. Ushahidi wa kwanza ni sauti. Kiebrania hakina sauti ya dhadi ya Kiarabu. Mwarabu asemapo ardhi, Mwebrania husema erets. Hivyo Hadhra ikageuka Hasar yenyewe, na sikio la Myahudi likaona limekutana na neno la nyumbani, kwa kuwa vijiji vya kwao viliitwa Hasar-shuali na Hasar-susa. Ua ukaingia katika jina kwa njia hiyo.

Atakayepinga atasema Waarabu nao husikia kifo humo: husimulia juu ya babu ambaye kila alipohudhuria vita, mauti yalihudhuria naye. Kwangu mimi hadithi hiyo inazidi kuidhoofisha tafsiri ya ua. Huku ua, kule kuhudhuria, konsonanti zilezile. Ndivyo watu wafanyavyo wanapotafutia maana jina walilolikuta. Mauti yamebaki pande zote mbili kwa sababu lugha hizo zina neno moja la kifo, lilelile tulilonalo sisi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba maandiko yanasema mwana, si nchi. Lakini sura hiyohiyo inamfanya Sidoni kuwa mzaliwa wa kwanza wa Kanaani, na Sidoni ni bandari. Misraimu ni Misri. Sheba na Ofiri, ndugu zake Hasarmawethi, ni nchi za dhahabu. Mwandishi mwenyewe anafunga orodha kwa kusema amewapanga kwa jamaa, lugha na nchi zao. Alichora ramani kwa lugha ya nasaba. Katika karne ya 3 KK mwanajiografia Mgiriki Eratosthenes naye aliwahesabu Wahadhrami miongoni mwa mataifa makubwa manne ya kusini mwa Arabuni, pamoja na Washeba, bila kuwatafutia baba. Pwani yetu mambo yalikwenda kinyume na Mwanzo: waliovuka bahari kutoka huko wakaitwa kwa nchi yao, Wahadhrami, au kwa bandari ya Shihri, Washihiri.