WiFi ya Sokoni Haijarogwa, Imepangwa Vibaya

Hapa Rodi Kopany kila mtu ana maelezo yake kuhusu WiFi ya bob ishirini. Video ikianza kuzunguka tu, huyu anasema mwenye ruta ni mwizi, yule anasema bando imeisha, mwingine analaumu mawingu. Mimi nasema hivi: hili tatizo lina zaidi ya miaka 50, limefanyiwa utafiti mpaka likaeleweka, na majibu mengi yapo. Shida ni kwamba wanaotuwekea mitambo wanahesabu ruta, hawahesabu kile kinachomfikia mtu.

Tuanzie Hawaii. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet. Hawaii ni visiwa. Kompyuta kubwa iko Honolulu, watumiaji wengine wako ng'ambo ya maji. Ni kama wewe uko Mfangano na kompyuta iko Mbita. Sheria yao ilikuwa nyepesi: ukiwa na ujumbe, tuma. Usipojibiwa, ngoja kidogo, halafu tuma tena.

Hesabu zikaleta habari mbaya. Watu wakiongea bila kusikilizana, ujumbe unagongana hewani na kuharibika. Kwa mpango ule, hata mambo yakienda vizuri kabisa, karibu asilimia 18 tu ya uwezo wa njia ndiyo ingefanya kazi ya maana. Mwaka 1972 Lawrence Roberts akapendekeza muda ukatwe vipande, na kila mtu aanze kutuma mwanzo wa kipande. Ikapanda hadi karibu asilimia 37. Bado hewa nyingi ilikuwa inaenda bure.

Mwaka 1975, Leonard Kleinrock na Fouad Tobagi walichapisha hesabu za njia nyingine: sikiliza kwanza, kukiwa kimya ndio utume. Kama baraza, humkatizi mzee akiongea. Lakini waligundua pia kasoro yake. Simu mbili zinaweza kuifikia ruta moja na zenyewe zisisikiane. Mmoja yuko upande huu wa jengo, mwingine yuko nyuma, kila mmoja anadhani kumetulia. Wote wanatuma pamoja, ruta inasikia kelele tu. Soko letu limejaa kuta na mabati, na mabati yanarudisha mawimbi ya redio. Kwa hivyo hiyo kasoro ya 1975 iko nasi mpaka leo.

WiFi yenyewe ilikuja baadaye. Mwaka 1985 Marekani ilifungua masafa fulani yatumike bila leseni, na mwaka 1997 kiwango cha kwanza cha 802.11 kikatoka, kasi yake megabiti 1 au 2 kwa sekunde. Kanuni ya kusikiliza kwanza ikabaki ndani yake. Miaka miwili baadaye kasi ilifika megabiti 11, watu wakashangilia.

Halafu mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, wakaonyesha kitu ambacho kila mwenye hotspot anafaa kukijua. Mtu mmoja aliye mbali, mwenye mawimbi hafifu, anaweza kuvuta kila mtu chini hadi kasi yake. Aje? Fikiria foleni ya kisima. Kila mtu anajaza mtungi mmoja kisha anapisha. Zamu ni sawa. Sasa mmoja ana mtungi wa mdomo mwembamba kama chupa. Akishika zamu yake, wote mnasimama. WiFi iligawa zamu kwa usawa, haikugawa muda.

Dawa ilipatikana. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen na wenzake walichapisha njia ya kugawa muda wa hewani badala ya zamu, na kazi hiyo ikaingia kwenye Linux, mfumo ulio ndani ya ruta nyingi. Yaani suluhisho halihitaji mnara mpya. Linahitaji mtu anayejua cha kuchagua.

Sasa turudi Kenya. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na tukaambiwa kasi imekuja. Ni kweli, ilikuja. Siku hizi serikali inaahidi hotspot 25,000 za bure nchi nzima, nyingi zikilenga masoko. Naunga mkono, asilimia mia. Lakini nyuzi za fibre zinaishia kwenye ruta. Kutoka hapo hadi simu yako ni hewa, na hewa ina sheria zile zile za Hawaii.

Chukua masafa ya gigahezi 2.4. Kuna chaneli tatu tu ambazo haziingiliani: 1, 6 na 11. Maduka matano jirani yakiweka ruta zote kwenye chaneli moja, wote wanagombea hewa moja. Kununua bando kubwa hakutasaidia. Kuongeza ruta ya sita ndio kuharibu zaidi.

Na hii si story ya vijana kukosa TikTok. Hapa njia panda ya Homa Bay, Rongo na Ndhiwa, kuna mtu anatuma maombi ya HELB, kuna mama anauza samaki kwa WhatsApp, kuna sisi tunaopakia video ndio tule. Mtandao ukikwama siku ya soko, hela imekwama.

Kwa hivyo kiongozi akija kukata utepe wa hotspot, tupige makofi, halafu tumuulize maswali matatu. Iko chaneli gani? Inagawa zamu au muda? Na saa saba mchana, siku ya soko, yule mama wa kibanda cha mwisho anapata megabiti ngapi?

Akikosa jibu la hilo la tatu, ametuletea sanduku na antena. WiFi bado.